Timu Ikihama Nyumba, Nauli Anatoa Nani?

Ndugu msomaji, kama umewahi kuezua bati la nyumba yako na familia ikabaki haina pa kulala, basi somo la leo nusu yake unalijua. Fundi anakwambia wiki mbili, wewe moyoni unajua ni miezi mitatu. Mizigo inakwenda kwa shemeji, watoto kwa shangazi yao, na baba mwenye nyumba anajibana kwa rafiki wa zamani ambaye siku ya nne anaanza kununa. Pa kulala pamepatikana, sikatai. Lakini shule ya watoto iko mbali, genge la mama limebaki mtaani halina wa kuliangalia, na nauli za kila siku zinakula pesa iliyowekwa kwa ajili ya saruji.

Klabu ya mpira nayo ni hivyo hivyo. Uwanja ukiingia mafundi, wakubwa wanakaa kikao. Wanataja viwanja, wanapima nyasi, wanahesabu taa, wanakagua vyumba vya kubadilishia nguo. Safi kabisa, mpira unataka hayo yote. Ila sijasikia kikao hata kimoja kilichoanza kwa kuuliza hivi: yule shabiki wa mzunguko, mwenye jezi moja na simu yenye kioo kilichopasuka, atafikaje huko na atarudije? Swali hilo nimelifuata mwenyewe kwa daladala, kwa basi na kwa boti. Karibu tuongozane.

Safari inaanzia Temeke. Pale ndipo uliposimama Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao wengi wetu ulimi bado unautaja Uwanja wa Taifa. Ulifunguliwa mwaka 2007, unachukua watu 60,000, na ulipewa jina la rais wetu wa awamu ya tatu baada ya kufariki kwake Julai 2020. Jirani yake yupo kaka mkubwa, Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, ambako bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Viwanja vyote viwili ni mali ya serikali. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, pamoja na uzee wao wote na kelele zao zote, hapo ni wapangaji tu. Mpangaji, mwenzangu, siku mwenye nyumba akileta mafundi, hana la kusema zaidi ya kufunga virago.

Utamu wa Temeke lakini si viti. Ni kwamba watu wanakwenda kwa miguu. Siku ya mechi kubwa, kuanzia saa nne asubuhi, utawaona wanatoka Keko, Chang'ombe, Tandika na Mtoni, baba mbele, mtoto begani, shangazi nyuma na kitambaa chekundu au cha kijani. Wa Mbagala na Gongo la Mboto wanapanda gari moja au mawili, kwenda na kurudi hata shilingi 3,000 haifiki. Na mpira ukiisha saa mbili usiku, saa nne mtu yuko kitandani kwake, amefungwa au amefunga.

Pale nje yupo mama ntilie mmoja ambaye mimi humwita dada, yeye huniita kaka mwandishi. Ameuza wali na maharage ubavuni mwa uwanja huo tangu haujapakwa rangi. Nilimkuta siku moja ya wiki, mwaka 2024, uwanja umefungwa, sufuria moja tu ndiyo iko motoni.

"Dada, timu zimehama, na wewe mbona huhami?" nikamtania.

"Kaka yangu, nihame na masufuria haya niyabebe kichwani? Timu inapanda basi lake. Mimi basi langu liko wapi?"

Nikanyamaza, nikaomba maharage ya kuongezea.

Maana mafundi kweli walikuwa wameingia. Kuanzia mwaka 2023 Uwanja wa Mkapa ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa kwa vipindi. Kuna wakati ulitengenezwa kwa ajili ya mashindano mapya ya African Football League, ambayo Simba na Al Ahly ya Misri waliyafungua hapo Oktoba 20, 2023 kwa sare ya mabao 2-2. Baadaye kazi iliendelea kwa ajili ya fainali za CHAN, ambazo Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja Agosti 2025. Mechi nyingi za ligi zikakosa makazi. Watani wa jadi wakaanza kuzunguka jiji kama vijana waliofukuzwa geto.

Wanajangwani walikwenda Chamazi, kwenye uwanja wa Azam. Kama hupajui, nakuelekeza: unashuka Mbagala Rangi Tatu, unapanda gari la Mbande, unavumilia. Uwanja wenyewe ni nadhifu, kila kitu kiko mahali pake, na unaingiza watu 10,000 hivi. Hapo hesabu ilinishinda. Ukichukua mashabiki waliozoea nyumba ya watu 60,000 ukawapeleka kwenye nyumba ya 10,000, wale 50,000 unawaambia nini? Wakae na redio?

Chamazi mchana ni safari tu kama safari nyingine. Shughuli ni usiku. Nilikwenda mechi moja ya saa moja jioni. Ilipoisha tukamiminika barabarani wote kwa pamoja, magari ya kugombania, makonda wamepandisha nauli bila hata kuona haya. Bodaboda mmoja alinitajia bei nikadhani ananiuzia pikipiki. Mbele yangu kulikuwa na mama na binti yake, wote wamevaa jezi, wanauliza kila gari kama linafika Tabata. Saa nne na nusu ilikuwa imegonga. Mimi mwanaume nilitembea hadi nilipopata gari, ila yule mama sina hakika kama alirudi tena mpirani mwezi ule.

Na kupanga kuna vituko vyake. Novemba 2, 2024 Yanga waliwakaribisha Azam kwenye uwanja huo huo wa Azam, wakalala bao 1-0. Mpangaji kafungwa na mwenye nyumba, sebuleni kwa mwenye nyumba! Siku tano baadaye Tabora United wakaja hapo hapo wakashinda 3-1. Haukupita muda Wanajangwani wakafungasha wakahamia Mwenge. Mtaani wakasema uwanja una mkosi. Mimi mambo ya mkosi siyajui, lakini najua mtu akifungwa nyumba ya kupanga, kosa la kwanza hutupiwa nyumba.

Mwenge kuna uwanja wa KMC, mali ya manispaa ya Kinondoni. Simba nao walikuwa hapo msimu huo wa 2024/25, hivyo watani wakawa wanalala chumba kimoja kwa zamu. Ni uwanja mdogo kuliko wa Chamazi. Lakini nikwambie ukweli, kwa upande wa safari ndio ulionipendeza kuliko yote. Mwenge magari yanapita ya kila kona: Kawe, Tegeta, Ubungo, Kariakoo, Posta. Unatoka uwanjani, unakula mishikaki miwili, unapanda gari, umefika. Niliwaona tena akina mama, na wazee wenye mikongojo. Uwanja ukiwa mdogo lakini unafikika, anayekosa tiketi leo ana tumaini la wiki ijayo.

Kabla ya Mwenge, msimu wa 2023/24, Simba walianzia pale jirani, Shamba la Bibi, kisha mechi kadhaa wakazipeleka Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Hapo nilipanda basi. Jamani, Morogoro ni pazuri! Mji kasoro bahari, kama wenyewe wanavyojisifu, na hawajakosea. Unakaa jukwaani, ukiinua macho unaona milima ya Uluguru imevaa mawingu, unasahau hata matokeo. Watu wa Morogoro walifurahi kupita kiasi. Timu kubwa huwa wanaiona mara chache kwa mwaka, sasa inakuja kwao kama mwenyeji.

Ila ni kilomita 190 hivi kutoka Dar. Treni ya umeme ilikuwa haijaanza kubeba abiria, ilianza Juni 2024, kwa hiyo ilikuwa basi kwenda na basi kurudi, siku nzima imekwisha. Kijana wa Kariakoo anayeuza soksi barabarani, akifunga biashara siku moja, familia inajua. Kwenye basi langu nilihesabu mashabiki waliotoka Dar, vidole vya mikono miwili havikujaa. Wimbo uliimbwa na watu wa Msamvu na Kihonda. Simba walikuwa na mashabiki uwanjani, ndiyo, lakini hawakuwa wale waliozoea kuwalilia kila Jumapili.

Sasa msomaji jifunge mkanda, tunavuka maji.

Mwaka 2025 Simba walifanya makubwa kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Robo fainali walifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, watu wakazika tumaini. Aprili 9 wakarudiana Uwanja wa Mkapa, Simba wakarudisha mabao yote mawili, kisha wakashinda kwa penalti 4-1. Usiku ule Temeke hakukulalika. Nusu fainali, mechi ya nyumbani ikapelekwa Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Hiyo ilikuwa Aprili 20, na Simba waliifunga Stellenbosch ya Afrika Kusini 1-0, kisha wakatoka sare ya 0-0 kwao. Fainali!

Fainali dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mei 17 kule Berkane Simba wakalala 2-0. Yaani deni lile lile la Al Masry. Mji mzima ukasema: mleteni Mkapa, tutamalizana naye kwa watu 60,000. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeiharibu nyasi, na siku chache kabla ya mechi CAF wakashikilia kwamba fainali ya marudiano ya Mei 25 ichezwe Amaan, uwanja wa watu 15,000 hivi.

Bandarini Dar siku moja kabla ya mechi ilikuwa kama mwisho wa Ramadhani. Jezi nyekundu kila upande, ngoma, vuvuzela, na foleni ya tiketi imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Walanguzi nao hawakuwa mbali. Nauli ya boti kwa mtu wa kipato cha chini si mchezo: ukijumlisha kwenda, kurudi, kulala na kula, unaona kabisa kodi ya chumba cha mwezi inaelea baharini. Kijana mmoja kando yangu alihesabu pesa yake mara tatu, akatazama boti, akatazama pesa, akavua kofia ya Simba akampa rafiki yake aliyekuwa na tiketi. "Nenda nayo, iingie hata yenyewe," akamwambia. Nimeona mengi kwenye mpira, hilo lilinikaa rohoni.

Upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Saa mbili za bahari, vijana waliopanda wakiimba walishuka wamenyamaza, na mifuko ya plastiki mkononi. Tulipotia mguu Malindi, uimbaji ukafufuka.

Unguja ilitupokea vizuri mno. Darajani mabango, Michenzani bendera, urojo umepanda bei kidogo lakini ladha ile ile. Na Amaan yenyewe imependeza. Ni uwanja uliojengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ukafanyiwa matengenezo makubwa ukafunguliwa upya Desemba 2023. Ukikaa jukwaani unamwona mchezaji hadi anavyokunja uso. Wala Amaan si ugenini kwa watu wa Msimbazi. Fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ya mwaka 1975 walifungwa hapa kisiwani na Yanga 2-0, na mwaka 1992 wakalipiza papa hapa Unguja, wakawatoa Yanga hao hao kwa penalti.

Jioni ile nilikaa barazani na mzee mmoja wa Michenzani, mshabiki wa Simba wa siku nyingi. Nilimwamkia, akanipa kahawa, nami nikaanza kulalama kwa niaba ya watu wa Dar: boti ghali, uwanja mdogo, taarifa imechelewa.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwa upole wao ule: "Mwanangu, umesema kweli tupu. Lakini nikuulize. Nyie mmevuka mara mbili, mmechoka. Sie tunaipenda timu hii tangu ujana wetu, kila tukitaka kuiona twavuka sie. Nani alituuliza nauli?"

Msomaji, kahawa ilikuwa chungu tayari, na hapo ikazidi. Mzee yule amekata bahari tangu enzi za meli za saa nyingi ili aone mechi Shamba la Bibi. Mwaka 1993 Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF wakafungwa nyumbani 2-0 na Stella Abidjan, alikuwepo Dar, akalala bandarini, akarudi asubuhi na huzuni yake. Fainali hii ya 2025 ilikuwa ya kwanza maishani mwake kuifuata kwa miguu, na kurudi nyumbani kunywa chai.

Matokeo unayajua. Joshua Mutale alifunga mapema, dakika ya 17, uwanja ukatikisika nikadhani jukwaa linahama. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akapewa kadi nyekundu. Dakika za majeruhi Soumaila Sidibe akasawazisha, ikawa 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1. Je, Mkapa na watu wake 60,000 wangerudisha deni kama Aprili? Sitakudanganya kwamba najua, na kadi nyekundu haitolewi na jukwaa. Ninachojua ni kwamba usiku ule mamia ya watu walizagaa mjini hawana boti hadi asubuhi. Wengine walilala Forodhani wameegemeana. Wenyeji waliwafungulia milango wengi wao, Mungu awazidishie.

Usidhani shida hii ni ya kwetu tu. Tottenham walipobomoa uwanja wao baada ya mechi ya mwisho Mei 2017, walihamia Wembley karibu misimu miwili, wakarudi nyumba mpya Aprili 2019. Wembley ni kubwa kuliko nyumba yao, lakini muhimu ni kwamba London hawakutoka, ukiacha mechi moja ya Kombe la Ligi iliyochezwa Milton Keynes. Barcelona nao, Camp Nou ilipoingia mafundi mwaka 2023, walipanda kilimani Montjuïc, kwenye uwanja wa Olimpiki ya mwaka 1992. Ni ndani ya jiji lile lile, na bado wengi wa wenye tiketi za msimu waliona kilima kile ni usumbufu, wakaamua kusubiri. Waliporudi Camp Nou Novemba 2025 kwa mechi ya ligi, jengo lilikuwa halijakamilika na waliruhusiwa watu 45,000 tu, lakini walirudi. Kama mtu wa Barcelona analalamikia kilima, wa Manzese akilalamikia bahari msimwite mdeko.

Basi nisije nikaonekana mlalamishi asiye na jibu. Timu ikihama, mechi za kawaida za ligi zibaki mjini kwake, na kati ya viwanja vya mjini uchaguliwe ule ambao shabiki anatoka saa tatu usiku akapata gari la nauli ya kawaida. Kwa Dar nilikoona mimi, Mwenge inaishinda Chamazi, hata kama ni ndogo. Anayetaka Chamazi ya usiku aweke mabasi yanayosubiri, au mechi ichezwe saa kumi.

Mechi kubwa za Afrika, kama Mkapa haifai, ziende Amaan, na wala zisiende kama adhabu. Mzee wa Michenzani ana haki yake, amelipa nauli miaka mingi. Lakini ijulikane mapema, hata mwezi mmoja kabla, tiketi ya uwanja iuzwe pamoja na ya boti kwa bei ya mwananchi, na boti ya kurudi isubiri filimbi ya mwisho. Serikali ipo, klabu zina wadhamini, wenye boti wapo. Hilo ni la kikao kimoja na chai.

Na zile klabu mbili zenyewe, karibu miaka tisini sasa zinapanga. Mwenye pesa za kusajili mchezaji kila dirisha hakosi za tofali. Siku zikiwa na uwanja wao, hata mafundi wakija, angalau zitakuwa zinapisha nyumba yao wenyewe.

Dada yangu wa maharage anawasalimu. Anasema mkirudi Temeke mje na njaa. Kandanda njema wapenzi wasomaji, na ukisafiri kufuata timu, nauli ya kurudi iweke kwenye soksi, uisahau humo mpaka filimbi ya mwisho.